Kocha wa Singida Naye Anahitaji Kocha

Barua ya wazi kwa viongozi wa Chama cha Raga Tanzania na Baraza la Michezo la Taifa

Ndugu viongozi,

Nawaandikia kutoka Singida mwezi wa saba, upepo ukiwa umeshika kasi yake ya kila mwaka, na uwanja wa shule yetu umekauka kiasi kwamba ukipiga kisigino chini unasikia mlio kama wa kubisha hodi. Jana jioni, kabla ya mazoezi, tuliokota mawe. Wanafunzi 31 hujipanga mstari mmoja, hutembea wameinama kutoka goli hadi goli, na kila mmoja hutupa nje anachokikuta. Hatujawahi kuacha kufanya hivyo hata siku moja, maana ardhi ya Singida hutoa mawe kama inavyotoa alizeti, na mchezo wetu ni wa kuangukia chini.

Mchezo wenyewe ni raga. Mimi ni mwalimu wa Jiografia wa sekondari. Raga niliikuta Arusha nikiwa mwanachuo, nikacheza misimu mitatu, nikaipenda. Nilipopangiwa kazi Singida nilikuja na mpira mmoja ndani ya begi. Huu ni mwaka wangu wa sita wa kufundisha. Wanafunzi ninao wa kutosha, na leo siombi jezi. Nawaandikia juu ya jambo moja tu: jinsi mtu anavyokuwa kocha wa raga, na kwa nini njia tuliyoizoea haimfikishi huko mwalimu anayeishi mbali na Arusha na Dar es Salaam.

Nianze na majirani zetu wa soka, kwa sababu wao wana kitu ambacho mimi sina. Singida ni mkoa wa soka. Uwanja wa Liti, ambao wakubwa bado wanauita Namfua, umejaza watu miaka na miaka, na Septemba 2025 Singida Black Stars ilitwaa Kombe la Kagame. Kocha wa timu ya mtaani hapa mjini akimpanga beki wa kulia kushoto, dereva wa bodaboda atamwambia kosa lake kabla hajafika nyumbani. Muuza vitunguu atamwambia. Babu aliyekaa barazani atamwita na kumwambia. Kocha huyo anaishi katikati ya watu wanaouona mchezo, na kila siku anasahihishwa, apende asipende.

Mimi naweza kukosea mwaka mzima na mtu yeyote asijue. Wazazi wanaokuja kutazama wanapiga makofi nikipatia na wanapiga makofi nikiharibu. Mkuu wa shule ananipongeza kwa nidhamu ya vijana. Ndugu viongozi, sifa za namna hiyo ni tamu, lakini hazimkuzi kocha. Anayefundisha mahali ambapo hakuna anayemzidi kuujua mchezo hana kioo cha kujitazama.

Mwaka wangu wa pili nilifanya kosa ambalo hadi leo linanikosesha usingizi. Kijana wa kidato cha tatu, mchezaji wa pembeni mwenye mbio, alikwenda kumwangusha mwenzake akaweka kichwa mbele ya mapaja ya huyo mwenzake badala ya kukiweka nyuma. Goti likampata juu ya sikio. Alilala chini kidogo, akaamka, akajipangusa vumbi. Nikammwagia maji kichwani, nikamuuliza kama yuko salama, akasema, "Ndiyo, mwalimu." Nikamrudisha uwanjani. Kitambo kidogo baadaye akaniuliza, "Mwalimu, sisi tunashambulia upande gani?" Nikamwonyesha. Akacheza kidogo, akarudi, akaniuliza swali lile lile, kwa sauti ile ile, kana kwamba hajawahi kuliuliza. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nilimsindikiza hadi kwao. Mama yake alikuwa uani anapepeta alizeti. Nikamwamkia, nikamweleza yaliyotokea. Aliweka ungo chini, akanitazama, akasema, "Mwalimu, mimi huo mchezo siujui. Wewe ndiye unayeujua." Usiku ule kijana alitapika, wakampeleka hospitali. Alipona, namshukuru Mungu, akamaliza shule, na leo ni mtu mzima mwenye kazi yake. Lakini maneno ya mama yule hayajanitoka, kwa sababu hayakuwa kweli. Sikuwa naujua.

Na hapa ndipo ilipo hoja yangu. Siku ile nilikuwa na cheti. Miezi kadhaa kabla nilihudhuria semina ya ukocha ya siku mbili. Waandaaji sitawataja, kwani walikuja kwa moyo mwema na walitupa walichokuwa nacho. Nilipofungua daftari langu baada ya tukio, nikakuta nimeandika kwa mkono wangu: mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo anatoka mara moja na harudi siku hiyo, hata akisema ni mzima. Ni kanuni ya World Rugby, chombo kinachosimamia raga duniani. Katika mechi kubwa kuna daktari anayempima mchezaji pembeni na kuamua. Katika viwanja vya shule kama chetu hakuna daktari, kwa hiyo shaka peke yake inatosha. Niliandika mstari mmoja na nusu, nikaupigia na mstari chini. Nilikuwa na elimu hiyo katika daftari, lakini machoni na mikononi sikuwa nayo. Kijana aliposema "ndiyo, mwalimu," nilisikia kauli ya mtu mzima badala ya kumwona mtoto ambaye macho yake hayajatulia.

Mtakumbuka kwamba kusini mwa mkoa wetu, Manyoni na Itigi, ni nchi ya asali. Nimekaa na warina asali wa huko, wazazi wa wanafunzi wangu, nikawauliza walijifunzaje. Hakuna aliyenitajia semina. Mwanagenzi hubeba kamba na moshi, hutembea nyuma ya mkubwa wake usiku, hushika tochi mzinga unapofunguliwa, huona nyuki wakikasirika na huona wakitulia. Hufanya hivyo mara nyingi kabla ya kuruhusiwa kutia mkono. Na siku anapotia mkono mwenyewe, yule mkubwa yupo chini ya mti, anamwambia polepole, siyo hapo, sogea, acha lile sega lenye majana. Ukimpa kijana huyo maelezo ya siku mbili ukumbini na kumkabidhi cheti, kisha ukamwacha na mzinga, nyuki watamwumiza, na pengine hatarudi tena porini. Raga yetu imekuwa ikiwafanyia walimu hivyo.

Mwaka juzi nilipata bahati. Kocha mmoja aliyekuwa akipita kwenda Tabora alisikia kuna raga Singida, akaomba kulala kwangu siku mbili. Jina lake nalihifadhi, hakuja kwa sifa. Jioni ya kwanza alikaa chini ya mgunga pembeni mwa uwanja, simu mkononi, hakusema kitu. Nilijitahidi sana siku ile, nikaeleza kila zoezi kwa kirefu ili aone kwamba najua. Tulipomaliza akaniita pembeni. "Kaka," akaniambia, "umefundisha saa moja. Katika hiyo, umeongea dakika 23. Na yule binti mfupi wa mwisho kule ameushika mpira mara nne tu." Alikuwa amehesabu. Sikuwa na la kujibu.

Kesho yake alisimama bega kwa bega nami. Kulikuwa na kijana anayedondosha mpira kila akipasiwa. Miezi minne nilikuwa nikimpigia kelele, "Mikono! Mikono!", na kumpa mazoezi ya kudaka kila wiki. Akadondosha tena. Mgeni akaniuliza, "Anadondosha kwa nini?" Nikasema mikono yake mizito. Akasema, "Usitazame mikono. Tazama miguu." Nikatazama. Kijana alikuwa anaanza kukimbia mapema mno, anamfikia mpasiaji kabla mpira haujatoka, na kwa kuwa kwenye raga mpira lazima upasiwe nyuma, alikuwa analazimika kupunguza mwendo, kugeuza kiwiliwili na kuunyoshea mikono nyuma ya bega. Hakuna mikono duniani ambayo ingedaka vizuri namna ile. Tukamrudisha hatua mbili nyuma, tukamwambia asiondoke hadi aone mabega ya mwenzake yanageuka. Mpira uliofuata aliudaka akiwa katika kasi yake yote, akapita kati ya mabeki wawili, akaenda kuulaza chini ya goli. Aligeuka akatutazama kana kwamba ameonyeshwa kitu kilichokuwa mfukoni mwake siku zote.

Miezi minne nilikuwa natibu mikono ya mtoto ambaye ugonjwa wake ulikuwa miguuni.

Huo ndio ukocha, ndugu viongozi. Kanuni zinasomeka: trai, yaani kuulaza mpira chini golini, ni pointi 5, mkwaju unaofuata ni 2, penalti ni 3, timu ni 15 kwa dakika 80 au 7 kwa dakika 14. Mazoezi nayo yanapatikana, nimeyatazama mamia kwenye simu usiku hadi bando likakata. Kisichopatikana kwenye simu ni jicho linaloona chanzo cha kosa badala ya kosa lenyewe, na linaloamua papo hapo nini cha kusahihisha na nini cha kuacha kijitengeneze. Jicho hilo huazimwa. Unasimama karibu na mtu aliye nalo, unatazama anakotazama, hadi siku moja unaona kabla hajakuonyesha.

Mtu atasema uzoefu unatosha, kwamba nikiendelea miaka 10 nitajua tu. Nilikuwa nadhani hivyo. Mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake walichunguza wapiga fidla wa Berlin na kuchapisha matokeo yao mwaka 1993, na kutokana na kazi hiyo dunia ikaokota hesabu ya saa 10,000, hasa baada ya kitabu cha Malcolm Gladwell cha 2008. Ericsson mwenyewe alilalamika kwamba ameeleweka vibaya. Saa peke yake hazimfanyi mtu bingwa. Kinachomkuza ni mazoezi yanayolenga udhaifu wake, chini ya mwalimu anayemwambia alipokosea. Miaka yangu minne ya kwanza ilikuwa mwaka mmoja niliourudia mara nne.

Tutazame jirani. Marehemu Benjamin Ayimba wa Kenya alikuwa mchezaji na nahodha kabla ya kuwa kocha. Mwaka 2009 timu yake iliishinda Fiji na kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga ya wachezaji saba, Dubai. Tarehe 17 Aprili 2016, huko Singapore, akiwa kocha tena, Kenya iliifunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali na kutwaa taji lake la kwanza la mzunguko wa dunia. Fiji hao hao, miezi minne baadaye, walichukua dhahabu ya Olimpiki Rio. Wengi tunakumbuka shangwe za siku ile. Mimi nafikiria zaidi ile miaka saba iliyo katikati, na mazingira aliyokulia: Nairobi, ambako kila Jumamosi kuna kocha mwingine upande wa pili wa uwanja anayetafuta udhaifu wako, na wazee wa klabu wanaokwambia ukweli jioni. Ayimba alitutoka Mei 2021. Aliyoyajua hayakuzikwa naye yote, kwa sababu wako aliosimama nao.

Na msiniambie kwamba hilo linawezekana mji mkuu tu. Kabras Sugar iko Kakamega, nchi ya miwa, mbali na Nairobi, na imetwaa Kombe la Kenya mwaka 2016 na tena 2022. Kakamega ilikuwa na raga ya shule kwa miaka mingi kabla ya hapo; walimu walipokezana ujuzi, mdogo akimtazama mkubwa. Wao wana miwa, sisi tuna alizeti. Sioni sababu ya msingi kwa nini moja iwe nchi ya raga na nyingine isiwe, isipokuwa huko kulikuwa na mtu wa kumwonyesha mtu.

Kwetu Tanzania mnyororo huo ulikatika mapema. Raga ya Tanganyika ya miaka ya 1950 ilikuwa ya walowezi na watumishi wa kikoloni, ikichezwa katika klabu ambazo Mwafrika hakuingia kama mwanachama. Timu ya pamoja ya Afrika Mashariki ilipambana na timu ya Lions ya Uingereza na Ireland huko Nairobi mwaka 1955, na babu zetu hawakuwa na sehemu katika maarifa hayo hata kidogo. Walowezi na watumishi wale walipoondoka, waliondoka na walichokijua. Tulichorithi ni viwanja vichache. Kwa hiyo sisi hatujengi juu ya msingi wa zamani. Tunaanza kuwatengeneza wazee wetu wa raga sasa hivi, na mzee hatengenezwi kwa siku mbili.

Kuna jambo la mwanariadha Alphonce Simbu ambalo nataka mlifikirie pamoja nami. Ni mtoto wa mkoa huu, wa Ikungi. Tarehe 15 Septemba 2025 huko Tokyo aliipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika Mashindano ya Dunia ya Riadha, akimshinda Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu 3 za mia za sekunde baada ya kilomita 42 na ushee. Shuleni kwetu tuliitazama picha ile ya kifua kwenye utepe mpaka simu ikazima chaji. Furaha yangu ilikuwa kubwa kama ya mtu mwingine yeyote wa Singida. Lakini Simbu alipikwa Arusha, kwa sababu huko ndiko waliko walimu wa mbio ndefu. Ilimbidi aufuate ujuzi. Mmoja anaufuata na kuufikia. Ni wangapi tuliowaacha Ikungi, Mkalama na Iramba wakiwa na miguu ile ile lakini bila nauli? Mwanariadha anaweza kuhama peke yake. Timu haihami. Raga ya watu 15 lazima ikutwe walipo.

Halafu kuna mambo ya hapa ambayo hakuna kocha wa mbali atakayeyajua bila kuja. Upepo wetu wa kiangazi hugeuza mkwaju wa kawaida kuwa pasi kwa adui, hivyo vijana wangu wamejifunza kupiga mpira wa chini unaodunda, na kuweka mapigo ya juu kwa kipindi tunachopewa upepo mgongoni. Ardhi ngumu imenilazimisha kufundisha kuangusha mtu kwa hatua: kwanza wote wawili wamepiga magoti, kisha wamechuchumaa, kisha wanatembea, na ni mwisho kabisa ndipo wanakimbia. Viroba vya mazoezi tumeshona wenyewe, tukavijaza maganda ya alizeti kutoka mashine ya kukamua mafuta. Vinapokea bega vizuri, na vikipasuka tunashona. Kipindi cha Januari hadi Machi udongo ni laini na ndio wakati wa kufundisha kuangusha mtu kwa kasi, lakini ndio pia wakati wa palizi, na nusu ya wachezaji wako shambani. Nimejifunza kutogombana na palizi. Skramu zetu, pale timu mbili zinapofungamana mabega kugombea mpira, hazisukumani kabisa. Sheria za chini ya miaka 19 zinaruhusu kusukuma mwisho mita moja na nusu, lakini wale watatu wa mstari wa mbele wanabeba uzito wa wenzao wote kwenye shingo, na mimi bado sijafundishwa na mtu kuzitengeneza shingo hizo. Mpaka nifundishwe, hawatasukuma. Hili nalisema bila aibu. Kocha anayejua mwisho wa ujuzi wake ni salama kuliko anayekisia.

Niseme neno juu ya lugha, maana nalo ni sehemu ya ujuzi. Masomo yote ya raga niliyoyapitia yalikuwa ya Kiingereza. Mimi nilijikongoja. Mwalimu mwenzangu wa shule ya msingi, ambaye ana jicho zuri la michezo kuliko langu, aliyaacha njiani. Watoto wamejitengenezea maneno yao. Pale wachezaji wanapouinamia mpira ulio chini na kuwasukuma wapinzani mbali nao, wanapaita "daraja", kwa sababu niliwaambia wajenge daraja juu ya mpira. Mtu akiacha nafasi yake wanamwambia "rudi mstari wa dengu", kwa vile dengu hupandwa kwa mistari. Neno linaloeleweka mara moja huokoa dakika tano za maelezo, na dakika hizo ndizo mtoto anaushika mpira. Mkituandalia kijitabu cha Kiswahili cha kurasa chache, chenye picha, kinachoanza na usalama wa kichwa na shingo, mtakuwa mmewafikia walimu ambao hawajawahi kujua kwamba mnawatafuta.

Sasa ombi langu. Kwenu Chama cha Raga: mtutumie mtu mmoja, yule yule, mara tatu kwa mwaka, siku nne kila safari. Asije na ukumbi wala chakula cha hoteli. Asimame pembeni mwa uwanja wangu akinitazama nikifundisha, aniambie ukweli jioni, kesho yake nifundishe tena mbele yake. Arusha hadi hapa ni kilomita zaidi ya 300 za lami kupitia Babati na Katesh. Basi linaondoka asubuhi na linafika kukiwa bado mchana. Atalala kwangu. Mke wangu ameshakubali. Kati ya safari na safari, nitamtumia video ya mazoezi kila baada ya wiki mbili, naye anijibu hata kwa sentensi tatu. Gharama ya semina moja ya watu 40 ukumbini ingelipa nauli za mtu huyo kwa muda mrefu, na mwisho wake mngekuwa na kocha.

Vyeti viendelee, sivikatai. Ila cheti cha kwanza kisiwe cha kudumu. Kiwe kibali cha mwanagenzi, na kigeuke cheti kamili pale tu mwenye ujuzi atakapokuwa ametutazama uwanjani na kuridhika kwamba mtoto akigongwa kichwa tunajua la kufanya. Laiti ningewekewa sharti hilo mwaka wangu wa pili.

Kwenu Baraza la Michezo la Taifa, mliokabidhiwa michezo yote ya nchi hii kwa sheria ya 1967: tunacho Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba. Walimu wengi wa michezo wa mikoa hii ya kati na ya ziwa wamepitia pale. Raga ipewe nafasi pale, na mwanafunzi wa ukocha atolewe nje kwa muhula mmoja akae na kocha anayefundisha kila wiki, kama mwalimu tarajali anavyokwenda mazoezi ya kufundisha darasani. Utaratibu huo tunaujua, ndio uliotufanya kuwa walimu. Hatujawahi kumkabidhi mtu darasa la Hisabati kwa semina ya siku mbili. Iweje tumkabidhi shingo za watoto?

Na katika hao mtakaowalea, wawepo wanawake tangu mwanzo. Katika wanafunzi wangu 31, wasichana ni 12, na wawili kati yao wanausoma mchezo kuliko mvulana yeyote niliye naye. Nilipoteza wengine watatu kwa sababu wazazi hawakuwa tayari kuwaacha jioni na kocha mwanamume peke yake, na siwezi kuwalaumu. Timu ya wanawake ya Kenya imecheza Olimpiki ya Rio na ya Tokyo. Njia ipo, hapa kwetu inasubiri mwalimu wa kike mmoja atakayefundishwa ipasavyo.

Nami nina cha kuahidi. Mwalimu yule wa shule ya msingi niliyemtaja amekubali kuwa mwanagenzi wangu. Kuna mwingine Ikungi na mwingine Kiomboi ambao wameomba kuja kutazama. Chochote nitakachoonyeshwa, nitawaonyesha wao, uwanjani, siyo kwa maneno. Kila nitakapotembelewa nitahakikisha wapo. Mkimtuma mtu mmoja Singida, hatakuwa amekuja kwa mtu mmoja.

Mazoezi yetu ni Jumanne na Alhamisi, saa 10 jioni. Tunaanza kwa kuokota mawe. Mtakayemtuma awahi, aingie naye kwenye mstari.

Wenu katika michezo,

Mwalimu wa sekondari na kocha wa raga,
Singida